Tofali Lisilolia

Fundi Mbaraka aligonganisha matofali mawili, akatega sikio. Tofali zuri la kuchoma hulia kama kengele. Lakini haya Chausiku aliyapika kwa kuyeyusha chupa za plastiki na kuchanganya mchanga, nayo yalitoa kishindo kizito tu.

"Bibie, haya yamekufa. Sijengi."

"Mama analala chini ya turubai, fundi."

"Basi mjengee kwa ndoo za plastiki!"

Chausiku alinyanyua tofali juu ya kichwa, akalibamiza kwenye jiwe. Lilidunda, likabingirika hadi miguuni pa fundi.

Mbaraka aliligeuza pande zote akitafuta ufa, asiuone. Kisha akatoa uzi wa kupimia msingi, akampa Chausiku ncha moja, akaanza kurudi kinyumenyume, uzi ukinyooka juu ya ardhi tupu.