Miwani ya Wageni wa Mkutano

"Hakuna uso wa mji huu wa mtoni unaonipiga chenga," niliwatambia wajumbe wa mkutano. Sote tulivaa miwani ya lazima, inayofunika na masikio na kugeuza kilio cha mwenyeji kiwe kicheko. "Nyumba hii kongwe ni kwetu. Huyo mgonjwa dirishani ni mama. Wiki nzima nalala hotelini nanyi, lakini kila tukipita ananichekea! Mpungieni."

Wakampungia.

Dada yangu Somoe akatoka mbio, akaninyofoa miwani.

"Anakuchekea? Siku zote hizo alikuwa analia, kaka, anakuita umpeleke hospitali."

Mama aliegemea nondo za dirisha, mdomo wazi. Nzi alitembea shavuni, naye hakumfukuza.

"Mama mchangamfu," mjumbe mmoja akaninong'oneza.

"Mweleze basi," akasema Somoe. "Wewe si unawajua wote?"