Turubai la Papa Damas

Gaëlle aliidaka kamba kwa mikono miwili, akajining'iniza nayo mbele ya watu wote, miguu ikielea juu ya matope.

"Mama, acha kamba yangu," alisema Papa Damas, mwenye lori. "Hii haiko ya kuanika manguo."

"Na ikikatika?"

"Ikikatika, utaninyonga na kile kipande kitabakia."

Watu wakacheka. Gaëlle hakucheka hata kidogo. Jirani yake wa Kikula, mtaa wao kule Likasi, alikuwa ametoka kuzika mtoto. Lori liliyumba kwenye kona ya mteremko, gunia likateleza, na mtoto aliyekalia gunia akateleza nalo. Gaëlle alilala matangani pale, akalia hadi sauti ikakauka. Tangu hapo, akifumba macho tu, anaona gunia linaondoka.

Na leo mtoto wake Bénie alipaswa kutoka Mwadingusha hadi Likasi juu ya magunia ya makala, makaa ya kupikia, kama abiria wote wa njia ile. Mbele kwa dereva palibaki nafasi moja, na Gaëlle alikuwa na kichanga mgongoni. Bénie angekaa nyuma na Daniella, mdogo wake Gaëlle.

Ndiyo sababu alimpigia Papa Damas magoti, atoe turubai.

Mzee hakukataa. Alikuwa dereva wa zamani, wa enzi za saruji na unga, wakati ambapo mzigo ukilowana, dereva anatafuta kazi ingine. Makala alianza kuyabeba uzeeni, na turubai lake lilikuwa limelala chini ya kiti, limekunjwa vizuri kama nguo ya harusi. Kuombwa alitoe kulimpendeza.

Rémy, mchoma makala, alisimama kando na baiskeli yake.

"Papa, makala banaachaka wazi. Inapenda upepo. Na hii nilifukua mu tanuru jana tu."

"Weye ni mvivu wa kufunga, unasingizia upepo," Papa Damas akamjibu. "Tangu lini makala iko na mapafu?"

Hapo hata Gaëlle alicheka.

Mzee alisogeza magunia nyuma ya kabini, akaacha katikati nafasi kama chumba kidogo. Daniella akapanda kwanza, akamwita dada yake.

"Yaya, tutakuwa kama mikate mu kikapu!"

"Nyamaza, shika mutoto."

Manyunyu yalikuwa yameanza na Bénie alitetemeka. Gaëlle akapapasa magunia moja moja, akapata moja lenye vuguvugu, akamwegemeza hapo. Akamvuta kofia hadi masikioni.

Kisha mzee akafunika. Kipande cha nyuma alikitandika kwanza, cha mbele kikakilalia, ili upepo wa safari usipate mdomo wa kuingilia. Pembe alizikunja kama mtu anayefunga zawadi. Kamba aliirusha juu, akaifuata upande wa pili, akatia kitanzi katikati, ncha akaipitisha kwenye ndoano ya chini na kuirudisha kitanzini. Akaweka mguu kwenye tairi, akajilaza nyuma kwa uzito wake wote. Kamba ikalia. Akaivusha tena, na tena, hadi turubai likakaza kama ngozi ya ngoma.

Gaëlle akajaribu kupenyeza kidole. Hakikuingia.

"Asante Yesu," akasema.

Njiani mvua ilishuka kama iliyotumwa. Gaëlle aligonga ukuta wa kabini nyuma yake. Daniella akagonga pia, kisha wakasikika wakiimba wimbo wa kanisa, Bénie akiwahi maneno kabla ya Daniella. Moyo wa Gaëlle ukatulia kidogo. Baadaye wimbo ulikatika.

"Wamechoka," akasema Papa Damas.

Juu ya mteremko alisimamisha lori bila kuambiwa. Akashuka kwenye mvua, akazipiga kamba kwa kiganja, moja baada ya nyingine. Gaëlle naye akashuka, kichanga mgongoni.

"Papa, fungua kidogo nione mutoto wangu."

"Nikifungua hapa, maji itaingia, na kamba yenye kulowana haikazake tena muzuri. Hii kona unaijua. Unataka nishuke nayo imelegea?"

Gaëlle alitazama chini. Ile kona ilikuwa pale pale, nyekundu, inateleza. Aligonga ubavu wa lori. Hakuna aliyegonga.

"Batoto bakipata joto, banalala," mzee akasema. "Panda, mama."

Akapanda.

Lori likashuka likilia. Katikati ya kona tairi za nyuma zilikosa ardhi, kiuno cha lori kikaenda upande wa korongo. Gaëlle alifumba macho na kuita jina la Bénie kwa sauti ya kupasua. Alisubiri kishindo cha gunia. Alisikia kamba tu, zikilia pamoja, zikakaza, zikashika. Papa Damas akazungusha usukani polepole, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani, na lori likarudi njiani.

Gaëlle alilia hadi Kikula. Alilia akicheka, akimbusu mzee begani, akimwahidi kuku.

Sokoni wachuuzi waliacha meza zao kuja kuona ajabu ya makala yaliyofunikwa.

"Ni makala ao ni bibi-arusi?" mmoja akauliza.

"Mwangalie kazi ya bazee," akajibu Papa Damas, akavuta ncha moja tu, na fundo zima likafunguka. Akakunjua turubai taratibu, kwa maringo.

Joto zito lenye harufu ya moto likatoka. Hakuna gunia lililohama. Daniella alikaa vile vile alivyoachwa, mkono begani mwa Bénie, mvua ikawapiga wote wawili usoni, na hakuna aliyeinua mkono kujifuta.