Kitabu cha Heshima cha Profesa Thielbeck

Makala ya tisa ilimtoa jasho Gerlinde Pohlmann, kwa sababu mtu aliyetakiwa kuwa ameiandika alikuwa na maringo hata kwenye nukta zake. Gerlinde aliandika sentensi, akaifuta, akapiga chapa nyingine ndefu zaidi yenye kujisifu ndani yake. Hapo sasa! Huyo alikuwa Profesa Lüdecke hasa. Zilibaki makala tano na Jumapili saba.

Yeye alikuwa katibu muhtasi, si mwanahistoria. Lakini miaka ishirini na sita ya kupiga chapa maandishi ya Profesa Ansgar Thielbeck na kufungua barua za wenzake si haba. Alijua nani anapenda habari za watawa, nani za kodi za vijiji, na nani hawezi kumaliza ukurasa bila kumsifu mwalimu wake.

Desturi ni moja: profesa akitimiza miaka sitini na mitano, wenzake na wanafunzi wake humwandikia kitabu kwa siri, kila mmoja makala yake. Vitabu vya waliotangulia vilipangwa kwenye rafu ya ukumbi wa idara, na kila apitaye aliviona. Asiyeandikiwa chake, watu hawakuhitaji kuuliza kwa nini.

Gerlinde alikuwa amewaandikia wasomi kumi na wanne. Watatu walijibu kwamba wana kazi nyingi. Wa nne akaandika: "Mwaka wa sabini na moja alinivua nguo mbele ya watu. Leo nimshonee koti?" Waliobaki hawakujibu, naye Gerlinde akaamua kuziandika zote mwenyewe kwa majina yao.

Hawakumsingizia Profesa. Kazi ya Thielbeck ilikuwa kufichua hati bandia, zile ambazo watawa wa kale walijiandikia wakazitia jina la mfalme aliyekwisha kufa, ili wasinyang'anywe mashamba. Jicho lake halikuwahi kupitwa na hata moja. Jicho hilo lilimpa kiti cha uprofesa akiwa na miaka thelathini na minne, na jicho hilohilo likamfukuzia marafiki, maana alikagua kazi zao kwa ukali uleule na kuzichana hadharani. Tangu mkewe afariki alikula mkate wake na jibini peke yake ofisini, mlango wazi, mgeni asije.

"Hakuna barua yangu, Bi Pohlmann?"

"Matangazo tu, Bwana Profesa."

"Naona siku hizi unafunga droo kila nikipita."

"Ni panya, Bwana Profesa. Wamezidi."

Profesa alicheka, kicheko ambacho Gerlinde hakuwa amekisikia kwa miaka. Alikuwa anakingojea kitabu, maskini. Gerlinde aliinama juu ya mashine yake ili Profesa asimwone akilengwalengwa na machozi.

Siku ya siku ilifika mwezi wa tatu, na theluji nayo haikutaka kukosa. Kwenye chumba cha semina walikuwa watatu tu: Profesa, Gerlinde, na Bwana Knoop wa maktaba, aliyefuata keki. Gerlinde alitoa kitabu, nakala moja tu iliyojalidiwa kwa ngozi ya bluu. Yeye na Knoop wakagonga meza kwa konzi, kama wasomi wanavyopongezana, lakini mikono miwili haijazi chumba.

"Waandishi wanaomba radhi," Gerlinde alisema. "Barabara zimefungwa."

Profesa alisoma majina kumi na manne kwa kidole. "Hata Lüdecke?"

"Hata Lüdecke."

"Basi nitakisoma chote, neno kwa neno. Ijumaa hadi Jumapili."

Siku hizo tatu Gerlinde alizipitia tena rasimu zake, akitafuta kosa. Hakuogopa kufukuzwa, mwaka ujao naye angestaafu. Aliogopa kwamba mzee akigundua, atajua kwa hakika kuwa duniani hana mtu. Angekuwa amemvunjia heshima kuliko wote waliokataa.

Jumatatu Profesa aliwahi kufika, amenyoa, tai shingoni. Alikwenda ukumbini, akakisimamisha kitabu mwenyewe mwisho wa rafu.

"Nimemaliza, Bi Pohlmann."

"Na... umeonaje, Bwana Profesa?"

"Lüdecke amepata adabu uzeeni. Sikumtegemea kabisa."

Gerlinde alishusha pumzi. Jicho limezeeka, akawaza. Alimshukuru Mungu, na papo hapo akamwonea huruma.

"Sasa ni zamu yangu," Profesa alisema. "Mtu akiandikiwa kitabu, humshukuru kila mwandishi kwa mkono wake. Zitie posta, tafadhali." Aliweka mezani bunda la bahasha, akaingia ofisini kwake.

Barua hizo zikifika, Lüdecke atauliza ni makala gani, na kicheko kitasikika katika kila chuo cha nchi. Gerlinde alilinyakua bunda alifiche kwenye droo, lisipate kuonekana tena. Ya juu kabisa iliandikwa kwa ule mwandiko mzuri: Profesa Lüdecke. Chini ya jina: Barabara ya Kinu, nyumba namba tisa, ghorofa ya tatu.

Akatazama ya pili. Akatazama ya tatu, na zote hadi ya kumi na nne. Majina yalikuwa kumi na manne, na anwani moja tu, ya nyumbani kwa Gerlinde mwenyewe.