Raigoro Asiyerusha Ngumi

"Roboti gani huyu anamuuliza mtu kama amekwenda haja?"

Mzee Kuramochi alimrudisha Raigoro mpya mezani kwa kishindo. Macho ya roboti yakawaka, akarudia kwa sauti nene, akiburuza maneno: "Umekunywa maji leo? Umekwenda haja?"

"Mzime huyo!" alifoka Nishiwaki. Nishiwaki huambiwa kila kitu mara mbili, lakini hilo alilisikia mara moja.

Walikuwa wazee watatu, washabiki wa Raigoro tangu wana makamasi puani. Kila Jumapili walikutana katika mkahawa huu wa mtaa wa Katsushika kubishana juu ya roboti wa kuchezea wa bati ambaye hajawahi kumnunulia yeyote kati yao hata kikombe cha kahawa. Sasa kampuni ilikuwa inamfufua Raigoro, na imewaita wao, eti washauri. Imemtuma Bi Hanyu, binti wa suti nyeusi, alete sampuli na asikilize maoni yao kabla kiwanda hakijachonga kalibu za kumtengenezea. Neno hilo "washauri" lilikuwa limewalevya. Ebisawa alifunga tai. Kuramochi alinyoa mpaka nywele za masikioni.

"Tuanze na umbo," alisema Ebisawa, akijikohoza kama mbunge. "Pembe ziko wapi? Raigoro alikuwa na pembe za kutoboa jicho. Hizi ni viazi."

"Tunaomba radhi sana," alisema Bi Hanyu, akainama.

"Na ngumi mbona hairuki?"

"Tunaomba radhi. Kulikuwa na wasiwasi wa watu kuumia."

"Watu kuumia! Mimi ngumi ile ilining'oa jino, na sikulia."

"Ulilia," alisema Nishiwaki. "Nilikuwepo."

Kuramochi aligusa mkono wa roboti kwa kidole kimoja. Zamani ungehitaji nguvu. Huyu viungo vyake vilikuwa laini kama siagi. Na kwa kuwa kidole chenyewe kilikuwa kinatetemeka, kwa hasira bila shaka, Raigoro akawa anawapungia mkono wote.

"Haya, na hadithi je?" Kuramochi aliinua boksi akaanza kusoma, wala hakutafuta miwani. Herufi zilikuwa kubwa kama za bango la uchaguzi. "'Raigoro anaishi nawe nyumbani. Anakuamsha asubuhi. Anakukumbusha kula. Usitoke bila kumuaga.' Usitoke bila kumuaga! Raigoro aliyepigana na jeshi zima la Mirihi!"

"Na maadui?" aliuliza Nishiwaki.

"Wapo wawili. Jitu la Ngazini na Jitu la Bafuni."

Ebisawa alicheka mpaka akabanwa na kikohozi, ikabidi apigwe mgongoni.

Kuramochi hakucheka. Raigoro wake wa utotoni aligawiwa watu na Sachie, mkewe, bila kujua, siku ya usafi wa mwisho wa mwaka. Sachie alilia, akaapa kwamba kampuni ikimtoa tena, atapanga foleni yeye mwenyewe amnunulie. Kampuni haikumtoa. Sachie akatangulia. Nafasi kwenye rafu, pembeni ya picha yake, ilikuwa wazi mpaka leo, na Kuramochi alijua kwamba kiwanda kikichonga kalibu hizi za viazi, katika umri wake hakuna mara nyingine.

"Ni wakubwa," alisema. "Wakubwa ni walewale. Wa kiwandani walinitoa kwenye mashine yangu wakaweka kompyuta. Wa hospitali walimwambia mke wangu arudi baada ya sikukuu. Wa serikali, bei ya mayai haishikiki. Nikasema sawa, chukueni vyote. Sasa wamefika mpaka kwa Raigoro! Wanalea vitoto vya kulishwa kwa kijiko, halafu wanatuharibia sisi."

"Mwambie, Kura!" alisema Nishiwaki.

Hivyo ndivyo tulivyo sisi wa rika hili. Tukikosa wa kugombana naye nyumbani, tunagombana na roboti.

"Tunaomba radhi sana," alisema Bi Hanyu, uso umemwiva. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili mzee mmoja akamwahi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Kuramochi, sauti imeshuka. "Wewe huna kosa, umetumwa tu. Waambie wakubwa wako hivi: huyu wawape watoto wachanga. Sisi watupe Raigoro wetu. Bati, pembe, ngumi iruke. Ukinionyesha huyo hata sasa hivi, naondoka naye."

Bi Hanyu aliinama mpaka nywele zikagusa meza. Kisha, polepole, akatoa kwenye mkoba wake boksi la pili.

Kuramochi alilifungua. Bati baridi. Pembe zikamchoma kidole. Alibonyeza kifua, ngumi ikafyatuka, ikapiga kikombe cha Ebisawa, kahawa ikamrukia kwenye tai. Wazee watatu wakapiga kelele ya furaha hadi mwenye mkahawa akachungulia kutoka jikoni.

"Kumbe mnaye!" Kuramochi alimkumbatia roboti kifuani. Macho yalikuwa yamemlowa. "Mbona mlikuwa mnatuficha?"

"Hatukumficha, mzee. Tunaomba radhi sana." Bi Hanyu alivuta pumzi. "Huyo ndiye wa watoto."

Macho ya yule wa viazi yaliwaka mezani.

Bi Hanyu aligeuza boksi, akaweka ukucha chini ya maandishi madogo ambayo Kuramochi alijaribu kuyasoma akashindwa, akamsomea kwa upole: "'Wenye miaka sabini na kuendelea wasiachwe nacho peke yao.'" Kisha akauliza, "Nyumbani yupo mtu wa kukuangalia, mzee, unapomchezea?"