Maji ya Kisima cha Semeni

Siku hizo kompyuta zote za maabara zilikuwa mali ya kampuni zenye viwanda, na kisheria, kilichosemwa na kompyuta ndicho kilichokuwa kweli. Kompyuta ilisema maji ya kisima cha Semeni ni safi. Mumewe aliyanywa mpaka ini likaharibika, akafa.

Semeni alikuwa mkemia. Alifufua mashine kuukuu ya kutenganisha kemikali kwa gesi, iliyofanya kazi bila kompyuta. Alipanga joto kwa vitufe vya mbele, akaweka vichupa viwili kwenye kisahani chake: kimoja cha dawa ya kusafishia mitambo ya kiwanda cha jirani, kingine cha maji ya kisima. Mkono wa mashine ukafyonza na kudunga, kimoja baada ya kingine. Kwa dawa, kalamu ilichora mlima kwenye karatasi. Kwa maji ikachora mlima mwingine, mahali palepale: dawa ileile ilikuwa kisimani.

Akamwita nyumbani Mkude, meneja wa kiwanda, akamwonyesha.

"Pole sana, mama," Mkude alisema. "Lakini karatasi si ushahidi. Kompyuta imesema maji ni safi."

"Basi kunywa, baba." Semeni akamsogezea glasi ya maji ya kisima.

Mkude alimaliza glasi nzima huku Semeni akimtazama koo kwa furaha.

"Matamu kweli! Naomba dumu moja niwapelekee wanangu."

Semeni alichukua dumu tupu. Kisasi chake kilimlenga Mkude peke yake. Aliteka polepole, akingoja moyo wake umkataze. Dumu likajaa. Akakaza kifuniko, akambebea mpaka garini.