Askari Kumi na Wanne

Mwaka ule askari wa kituo chetu cha polisi waliongezwa kutoka watano hadi kumi na wanne, lakini sokoni hatukumwona hata mmoja. Tulinagwe, mshonaji wa hapo sokoni, alipoibiwa cherehani mchana kweupe, alikwenda kuwatafuta.

Aliwakuta shambani kwa mkuu wa kituo, wamevua mashati, wanapalilia kahawa.

"Mama, rudi kesho," alisema koplo. "Leo tuna kazi."

Tulinagwe alitazama viganja vya koplo, vimejaa malengelenge. Akampokonya jembe.

"Nitapalilia mimi, baba. Nyinyi kavaeni sare, mwende sokoni."

Mkuu akatokea kati ya migomba. "Wewe mama, nani kakuruhusu?"

Tulinagwe hakugeuka. Aliinua jembe, akaanza kupalilia. Nyuma yake, askari mmoja alivaa shati lake la sare, akaanza kufunga vifungo.