Tufe la Profesa Shekue

Babu yake, Mzee Mbaruku Shekue, alikuwa mpima mashamba aliyeaminiwa na majirani wote, na baba yake, Mwalimu Athumani, alifundisha hesabu mpaka sauti ikamkauka. Mshereheshaji aliyasoma hayo kwa madaha, kisha akaanza kuzitaja nishani za Profesa Mbwana Shekue mwenyewe, mwanafizikia aliyesifika duniani. Ukumbi ulipiga makofi.

Profesa alisimama ukutani, akilitazama tufe la chuma lililoning'inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti katikati ya ukumbi. Alikuja kuwaonyesha wanafunzi jambo moja tu, lakini wapambaji wa harusi walikwisha kufika mlangoni, wakidai ukumbi wao.

“Imetosha, bwana,” alimwambia mshereheshaji.

“Subiri kidogo, Profesa. Bado ile uliyovishwa na mfalme.”

Wanafunzi walinyoosha shingo waione nishani kifuani mwake. Hasira ilimpanda. Alilifuata tufe, akalivuta hadi ukutani, akaegemeza kisogo hapo, tufe likamgusa pua.

“Kaka Mbwana!” dada yake alipiga kelele kutoka kiti cha mbele. “Litakurudia usoni hilo! Kwani umechoka kuwa na pua?”

“Nisipolisukuma, Mwanakheri, haliwezi kuvuka lilipoanzia.”

Akaliachia. Tufe lilikwenda hadi upande wa pili wa ukumbi, likasita, kisha likaanza kurudi kwa kasi. Mshereheshaji alishusha karatasi yake. Profesa hakupepesa macho.

“Acheni nishani, vijana!” alinguruma. “Msinitazame mimi. Litazameni tufe!”